Duara la milimita 14: kisa cha unga uliokubali na unga uliogoma

"Mwalimu, umegoma." Binti mmoja, mwanafunzi wangu wa maabara, alisema hivyo hata kabla ya shikamoo, na mimi niliyemzoea kwa adabu yake nikajua usiku hakulala.

Juu ya meza zilikuwepo sahani mbili za petri, zile za kuoteshea bakteria, zimetoka kwenye inkyubeta asubuhi ile. Kwenye sahani ya kushoto kilikuwepo kikaratasi cha duara chenye kipenyo cha milimita 6, kimeloweshwa unga wake wa kwanza wa oksidi ya zinki, uliotengenezwa kwa msaada wa majani ya magugu maji. Kilikuwa kimezungukwa na eneo safi ambalo bakteria wanaoitwa Staphylococcus aureus hawakuota kabisa. Ukipima toka ukingo hadi ukingo unapata milimita 14. Kwenye sahani ya kulia kilikuwepo kikaratasi cha unga wa pili, na bakteria walikuwa wameota mpaka wamekigusa, kama magugu maji yanavyokaba mtumbwi uliotelekezwa ufukweni.

Unga wa kwanza, wiki tatu nyuma, alikuwa ameupokea kwa furaha kubwa. "Umekubali!" alipiga kelele mpaka watu wa chumba cha pili wakaja kuangalia. Unga wa pili ulitengenezwa na mwenzake kwa sababu tulitaka kuona kama matokeo yanajirudia. Hayakujirudia. Maabara nzima ikaamua kuwa mwenzake kakosea: katumia dawa nyingi, kaosha kupita kiasi, kachoma moto mkali mpaka kaua nguvu ya majani. Wenzangu wawili, watu wazima wenye shahada zao, wakashauri tuutupe wa pili na kuandika ripoti ya ule wa kwanza.

Mimi niliomba siku kumi. Ninaandika kisa hiki kwa sababu siku hizo kumi zilitupeleka mahali tofauti kabisa na tulikotarajia, na kwa sababu naona vijana wengi wa vyuo vyetu wakitengeneza chembe nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, kwa majani ya kila mmea uliopo kandokando ya ziwa na kuishia kwenye duara kama lile la kushoto. Naomba wasome kabla hawajaandika ripoti.

Nianze na lengo lake, maana lilikuwa lengo jema. Shangazi yake ananunua sangara kwenye mialo, pale wavuvi wanapoteremshia samaki, na kuwasafirisha ndani ya makasha ya barafu. Makasha yale huoshwa kwa maji na sabuni, lakini kuta zake za ndani zina mikwaruzo, na kwenye mikwaruzo ndimo utelezi unamojificha. Binti akasoma kuwa oksidi ya zinki ikiwa katika chembe ndogo sana, chini ya nanomita 100 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), huua bakteria. Akasoma pia kwamba unaweza kuitengeneza kwa msaada wa mimea. Na mmea wa bure kuliko yote Mwanza ni upi? Magugu maji. Yalianza kuonekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, katikati ya miaka ya 1990 yakafunga mialo na bandari, mpaka wakaletwa fukusi wa jenasi Neochetina kuyatafuna. Hayajaisha. Upepo ukigeuka yanarudi ufukweni kama kawaida. Wazo la kuchukua kero ya ziwa na kuigeuza kinga ya samaki lilinigusa tangu siku ya kwanza, na bado linanigusa.

Alivyotengeneza unga wa kwanza ni hivi. Alichuma majani, akayaosha, akayakausha kivulini, akayachemsha na kuyachuja. Akapima gramu 5.95 za naitreti ya zinki, ile yenye molekuli sita za maji, akaiyeyusha katika mililita 200 za maji yaliyokenekwa. Hiyo ni mola 0.02 ya zinki; mola ni kipimo cha wakemia cha kuhesabia atomu kwa mafungu. Akamimina maji ya majani mililita 100, akakoroga, kisha akaanza kudondosha hidroksidi ya sodiamu, ambayo mafundi wa sabuni mtaani wanaijua kama kostiki. Uji mweupe wenye rangi kidogo ya chai ukatokea. Alipoona karatasi ya pH, ile inayoonyesha kama maji ni tindikali au besi, inasoma 7 au karibu na hapo, akaacha. Jumla ya kostiki aliyotumia ilikuwa gramu 1.2. Akachuja, akasuuza mara moja, akakausha kwenye oveni kwa nyuzi joto 100 usiku kucha, kwa kuwa tanuru letu la joto kali lilikuwa limeharibika wakati ule. Asubuhi akapata gramu 2.1 za unga mweupe unaoelekea krimu.

Mwenzake alifuata njia hiyohiyo ila alitumia gramu 2 za kostiki, akaosha mara tano kwa maji na mara moja kwa spiriti, na kwa kuwa fundi alikuwa ameshalitengeneza tanuru, akauchoma unga kwa nyuzi joto 450 kwa saa mbili. Akapata gramu 1.5.

Msomaji mwenye kalamu na karatasi anaweza kuwa ameshaona tatizo. Sisi hatukuliona wiki tatu.

Mizani ilikuwa imesema

Siku ya kwanza kati ya zile kumi niliomba daftari zote mbili, nikakaa nazo dirishani. Sikutafuta kitu maalumu. Nilifanya hesabu ambayo namfundisha kila mwanafunzi aifanye kabla ya kugusa bika, na ambayo, nakiri, sikumdai yeye: kama kila atomu ya zinki niliyoitia ikigeuka oksidi ya zinki bila kupotea hata moja, nitapata gramu ngapi?

Mola moja ya oksidi ya zinki ina uzito wa gramu 81.4. Mola 0.02 ni gramu 1.63. Huo ndio upeo. Huwezi kupata zaidi, hata uwe fundi namna gani.

Yeye alikuwa amepata 2.1.

Nilirudia hesabu mara tatu. Kisha nikamwita, nikamwonyesha, akanyamaza muda mrefu. Unga wa mwenzake wa gramu 1.5 ulikuwa asilimia 92 ya upeo, jambo la kawaida kabisa kwa mtu aliyeosha mara sita na kupoteza kidogo kwenye chujio. Unga wa kwanza ulikuwa na karibu nusu gramu ya kitu ambacho si oksidi ya zinki. Au, mbaya zaidi, huenda wote haukuwa oksidi ya zinki.

Tukahesabu kostiki. Ili zinki moja igeuke hidroksidi kamili, na hatimaye oksidi, inahitaji hidroksidi mbili. Mola 0.02 za zinki zinahitaji mola 0.04 za kostiki, yaani gramu 1.6, na hiyo ni kama majani hayana tindikali yoyote. Majani yana tindikali zake, nazo zinakula sehemu ya kostiki. Gramu 1.2 ni mola 0.03. Kwa kila zinki moja alikuwa ametia hidroksidi moja na nusu.

Zinki ikipewa hidroksidi pungufu namna hiyo huku naitreti ikiwa jirani, haifanyi oksidi. Inafanya chumvi yenye matabaka, ambamo kila zinki tano zinashika hidroksidi nane, naitreti mbili na maji mawili. Ukigawanya nane kwa tano unapata 1.6. Yeye alikuwa na 1.5. Alisimama karibu kabisa na mahali ambapo chumvi hii inaiva, tena upande wa chini, kwa hiyo hata zinki kidogo ikabaki kwenye maji bila kushika chochote.

Na ile pH iliyomdanganya? Ukidondosha kostiki kwenye zinki, pH hupanda kidogo kisha inakaa palepale, karibu na 6 au 7, kwa muda mrefu. Wakati wote huo kila hidroksidi unayotia inamezwa na ile chumvi ya matabaka. Ni mpaka chumvi ishibe ndipo pH inaporuka kwenda juu. Yeye aliona 7, akaona maji yametulia, akadhani kazi imekwisha. Kumbe alikuwa katikati ya mlima, kwenye tambarare ambayo mpandaji huidhania kilele. Siku hizi tunadondosha mpaka pH ivuke 10, na tunatumia pH-mita, kwa sababu karatasi iliyokaa kwenye joto la kabati haiaminiki.

Neno lililotupotosha

Nilimuuliza kwa nini alipunguza kostiki. Jibu lake lilinifanya niweke kalamu chini. "Nilidhani majani yatafanya sehemu ya kazi. Nimesoma kwamba yanazipa ioni za zinki elektroni, zinageuka chembe nano."

Hapa nataka kukaa kidogo, maana sentensi hii nimeikuta katika maandiko mengi kiasi cha kunisikitisha. Ni sentensi ya fedha iliyohamishiwa kwenye zinki bila kufikiri. Ukitengeneza chembe nano za fedha, ioni ya fedha kwenye chumvi imepungukiwa elektroni moja, na chembe unayoitaka ni fedha yenyewe, metali, isiyopungukiwa kitu. Lazima mtu aitoe elektroni hiyo, na majani yenye fenoli na sukari yanaweza kuitoa. Sawa kabisa.

Lakini zinki kwenye naitreti imepungukiwa elektroni mbili. Kwenye oksidi pia imepungukiwa elektroni mbili. Hakuna elektroni ya kutoa wala kupokea. Kinachotakiwa ni kuishikisha zinki na hidroksidi, kisha kuondoa maji. Kazi hiyo ni ya kostiki na moto. Jani linaweza kusaidia kwa namna nyingine: linazifunika chembe changa zisigandamane, linaikamata zinki ili itoke polepole, au likichomwa pamoja na chumvi ndani ya tanuru linakuwa kuni. Hayo ni kweli na yana faida. Kuchukua nafasi ya kostiki, hapana.

Nilimwambia, na narudia hapa: mtu akikuambia jani limeigeuza zinki kuwa oksidi kwa kuipa elektroni, muulize elektroni hizo zimekwenda wapi.

Kuna jambo lingine kuhusu magugu maji nisilotaka kulipita. Mmea huu unasifika kwa kunyonya madini yaliyomo majini, na una potasiamu nyingi. Majani yaliyochumwa penye mfereji wa maji machafu hayawezi kuwa sawa na yaliyochumwa kwenye ghuba tulivu, wala ya masika si sawa na ya kiangazi. Daftari zetu zote mbili ziliandika tu "magugu maji, Mwanza". Leo tunaandika mwalo, tarehe, na tunahifadhi mfuko wa majani makavu ya kila safari.

Kemia ya kidato cha nne

Mahesabu peke yake ni tuhuma. Ushahidi tuliutafuta kwa vitu vilivyokuwepo kabatini, na hapa ndipo nilipomwona binti anarudiwa na rangi usoni, kwa sababu vipimo vyote alikuwa amevifanya akiwa shuleni, kwenye mtihani wa vitendo, alipopewa chumvi isiyojulikana na kuambiwa aitambue.

Tulichukua unga wa kwanza, tukautikisa kwenye maji yaliyokenekwa, tukauzungusha kwenye sentrifuji mpaka unga wote ukakaa chini. Juu yakabaki maji maangavu kama ya chupa. Tukayagawa. Sehemu moja tukaidondoshea amonia: mashapo meupe yakatokea, tukaongeza amonia, yakayeyuka. Hiyo ni zinki, mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne anakuambia. Sehemu ya pili tukaitia salfeti ya chuma(II) iliyoandaliwa papo hapo, tukateremsha tindikali kali ya salfuriki polepole ukutani mwa neli. Pete ya kahawia ikajichora pale maji mawili yalipokutana. Naitreti.

Unga wa pili ukafanyiwa vivyo hivyo. Amonia haikutoa hata wingu. Pete haikujichora.

Kisha moto. Tuliweka gramu 1.00 ya unga wa kwanza kwenye kikombe cha kauri, tukaupeleka kwenye tanuru chini ya dohani, maana naitreti ya zinki ikichomwa hutoa gesi ya kahawia ambayo si ya kuvuta. Saa mbili kwa nyuzi 450. Ulipotoka ulikuwa wa njano, na ulipopoa ukarudi mweupe. Hiyo ni tabia ya oksidi ya zinki: ikiwa moto ni njano, ikipoa ni nyeupe, hata kama huna mashine yoyote duniani. Mizani ikasoma gramu 0.67. Ile chumvi ya matabaka, ikigeuka yote kuwa oksidi, hubakiza asilimia 65 ya uzito wake. Theluthi nzima ya unga wetu wa ushindi ilikuwa maji, naitreti na masalia ya majani.

Baadaye tulituma sampuli zote mbili Dar es Salaam zikapigwe eksirei ya fuwele. Majibu yalipokuja tulikuwa tumeshajua, lakini yalitupa picha. Mchoro wa unga wa pili ulikuwa na vilele mahali pake: nyuzi 31.8, 34.4 na 36.3 (nyuzi za pembe, si za joto), vile vitatu vinavyoitambulisha oksidi ya zinki kama alama za kidole. Unga wa kwanza ulikuwa na vilele hivyo kwa unyonge, na kilele kirefu peke yake karibu na nyuzi 9, mahali ambapo oksidi ya zinki haina kitu. Hicho ni kilele cha chumvi ya matabaka. Na binti alikuwa ameshatumiwa sehemu ya mchoro wa unga huo na rafiki yake mwezi mmoja kabla, ila mashine ilianzia kupima nyuzi 20. Kilele kilikuwepo nje ya fremu. Tangu siku hiyo tunaomba mchoro uanzie nyuzi 5.

Kwa unga wa pili tulitumia kanuni ya Paul Scherrer ya mwaka 1918, inayopima ukubwa wa fuwele kwa upana wa kilele: kilele chembamba ni fuwele kubwa, kilele kinene ni fuwele ndogo. Kilele cha nyuzi 36.3 kilikuwa na upana wa nyuzi 0.35 baada ya kuondoa upana unaotokana na mashine yenyewe. Jibu ni nanomita 24. Unga uliogoma ndio uliokuwa chembe nano.

Duara ni la nani?

Likabaki swali ambalo shangazi angeuliza: kama unga wa pili ndio wa kweli, mbona hauui?

Tulianza na duara lenyewe. Tuliandaa sahani moja yenye vikaratasi sita: unga wa kwanza, yale maji maangavu yaliyotolewa unga wote, naitreti ya zinki tupu, maji ya majani tupu, maji yaliyokenekwa, na antibayotiki ya kulinganishia. Kabla ya hapo alikuwa amelinganisha na antibayotiki peke yake.

Unga wa kwanza ukatoa milimita 14 kama awali. Maji maangavu, ambayo hayakuwa na chembe ya kuzungumzia, yakatoa 13. Naitreti ya zinki tupu ikatoa duara pana kuliko yote mawili. Maji ya majani hayakutoa kitu, wala maji matupu. Antibayotiki ikafanya kazi yake.

Hakuna aliyesema neno kwa dakika nzima. Duara halikuwa la chembe nano. Lilikuwa la chumvi iliyobaki kwenye unga kwa kutooshwa.

Sasa tazama kipimo chenyewe. Njia ya vikaratasi, iliyowekwa katika utaratibu na Bauer, Kirby na wenzao mwaka 1966, ilitengenezwa kwa ajili ya antibayotiki: molekuli zinazoyeyuka majini na kutembea ndani ya agari, ile jeli wanamoota bakteria. Duara linapima vitu viwili kwa pamoja, kuua na kutembea. Chembe ya oksidi ya zinki haiyeyuki kirahisi. Lita ya maji ya kawaida inayeyusha miligramu chache tu. Na chembe zikigandamana, kama zinavyofanya zikikaushwa, zinakaa palepale zilipowekwa. Bakteria aliye milimita tatu kutoka hapo hana habari nazo. Kwa hiyo kipimo hiki kiliupa unga mchafu maksi kwa uchafu wake na kuunyima unga safi maksi kwa usafi wake. Sijui namna nyingine ya kulisema.

Oksidi ya zinki huua kwa njia kadhaa zinazosaidiana. Inaachia ioni za zinki kidogo kidogo. Inagusa ukuta wa bakteria na kuuharibu. Na ikipigwa na mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi chini ya nanomita 370 hivi, elektroni zake huruka, na kwa msaada wa maji na oksijeni hutengeneza molekuli kali zinazounguza kila kilicho hai karibu. Njia mbili za mwisho zinataka bakteria na chembe wakutane. Kwa hiyo tuliwakutanisha.

Tulitumia bakteria wa Escherichia coli wa kulinganishia, wale wasio wakali, wakiwa kama milioni moja kwa mililita, kwenye maji ya chumvi ya kawaida. Jaribio la mwanzo tulikosea kutumia bafa ya fosfeti, maji yanayozuia pH isibadilike, nayo fosfeti huikamata zinki na kuigeuza fosfeti ya zinki, tukaiacha. Chupa tano za kioo, unga miligramu 1 kwa mililita panapohitajika. Moja gizani bila unga. Moja gizani na unga. Moja juani bila unga, maana jua la Mwanza, nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, linaua bakteria lenyewe na lisingekuwa haki kulipa unga sifa za jua. Moja juani na unga. Ya tano juani, ikiwa na maji yaliyotikiswa na unga wa pili kisha unga ukaondolewa kwa sentrifuji. Saa tano hadi saa saba mchana, juu ya paa, tunatikisa kila dakika kumi.

Gizani bila unga, hawakupungua. Gizani na unga, akabaki mmoja katika kila kumi. Juani bila unga, karibu hivyohivyo, na ile chupa ya tano ikafanana nayo. Juani na unga, sahani iliyopandwa maji ya chupa bila kuyazimua ilikuwa na koloni nne, yaani vikundi vinne tu vya bakteria walioota.

Tulirudia siku mbili nyingine. Siku moja mawingu yalitanda toka upande wa ziwa, na unga ukafanya kazi kidogo tu zaidi kuliko gizani. Hilo nalo lilitufurahisha, maana lilikubaliana na maelezo.

Nigusie kwa haraka matumizi mengine mawili, kwa kuwa wenzetu wa jengo la pili wanayafanyia kazi na wakaja kutuuliza. Anayepima uwezo wa unga kuondoa rangi ya bluu ya methilini kwenye maji, unga wenye kaboni ya majani utainyonya tu rangi na kuikalia, na wewe utaandika kwamba umeivunja. Weka gizani nusu saa kwanza, pima, ndipo uwashe taa. Anayetengeneza kihisi cha gesi, kama kile cha mtafiti wa Kijapani Seiyama cha mwaka 1962 kilichotumia utando wa oksidi ya zinki, ajue kihisi kinasoma mabadiliko ya ukinzani wa umeme, na sodiamu au naitreti iliyobaki inabadilisha ukinzani hata pasipo gesi yoyote. Osha. Pima maji ya mwisho ya kuoshea kwa kipima upitishaji umeme, endelea kuosha mpaka yakaribie maji uliyoanza nayo.

Shangazi

Shangazi alikuja mwenyewe Jumamosi, amebeba sato wawili kwenye mfuko, na nikamweleza kama nilivyoweza. Alisikiliza kwa makini kuliko baadhi ya wasomi waliokaa kwenye kiti kilekile. Kisha akasema: "Kwa hiyo unga unataka jua, na kasha langu lina kifuniko."

Ndivyo ilivyo. Ndani ya kasha lililofungwa, lenye barafu, damu na utelezi wa samaki, hakuna urujuanimno. Zaidi ya hapo protini za samaki zinazikamata ioni za zinki kabla hazijafika kwa bakteria. Niliogopa kumvunja moyo, lakini kumwambia apake kitu kisichofanya kazi halafu apunguze kuosha lingekuwa jambo baya sana. Akauliza kama makasha matupu yakipakwa na kuanikwa wazi mchana kabla ya kwenda mwaloni yatakuwa salama zaidi. Hilo ni swali la kweli, na ndilo binti analifanyia kazi sasa: unga umeshikishwa kwenye kipande cha plastiki ileile ya kasha, kinaanikwa, kinapanguswa, koloni zinahesabiwa, pamoja na kipande kisicho na unga kilichoanikwa jua hilohilo. Anapima pia zinki inayobanduka kwenye barafu iliyoyeyuka. Mpaka vipimo hivyo viishe, hakuna samaki wa mtu atakayegusa unga wetu.

Nilimwambia binti pia kuhusu pua yake. Mafundi wa kuchomelea mabati wanaijua homa inayowashika usiku baada ya kuvuta moshi wa zinki. Wengi hunywa maziwa, ingawa dawa yake ni kutouvuta. Unga mkavu wa chembe nano unapepea kwa pumzi tu. Sasa anapima akiwa amevaa barakoa, na unga unahifadhiwa ukiwa umelowa kila inapowezekana. Maji ya kuoshea hayamwagwi kwenye sinki, kwa sababu maji yetu yote huteremkia ziwani, na zinki iliyoyeyuka hudhuru matamvua ya samaki. Yanakusanywa kwenye ndoo, yanatiwa magadi soda, zinki inatuama kama mashapo, na mashapo yanarudi kwenye kabati la taka za kemikali.

Ripoti imeandikwa upya. Sura ya unga wa kwanza haikufutwa. Imewekwa mwanzo, na gramu 2.1 zake, na kilele chake cha nyuzi 9. Mwenzake aliyetuhumiwa bure ameandikwa jina lake kando ya lake.

Siku ya kumi alifanya jambo ambalo sikumwagiza. Alichukua zile gramu 0.67 tulizozichoma, akaziosha mara tano, akazikausha, akaloweshea kikaratasi na kukilaza kwenye agari yenye Staphylococcus. Asubuhi iliyofuata alinipa sahani bila kusema kitu. Bakteria walikuwa wameota mpaka wamekigusa kikaratasi pande zote.

"Umekubali," akasema.